Nianzie Mwaka Gani

Jumatano, kipindi cha baada ya chakula.
Mlima Wanale umejifunika wingu hadi kiunoni
na darasa zima linanuka posho na maharagwe.
Nimechora ramani kwa chaki moja iliyobaki:
bahari, mto, ukanda mwembamba.
Katikati ya ubao nikapiga mstari wima,
huku wanavyosema hawa, kule wanavyosema wale.

Mkono ukasita.
Nikianza na 1948
nimekwisha kumpa mmoja uhuru wake
na mwingine maafa yake, chaki ile ile.
Nikirudi nyuma, hekalu linaungua.
Nikija mbele, Oktoba, mateka wanaburutwa,
kisha miezi na miezi ya nyumba kuwaangukia waliomo.
Mwaka wowote nitakaouandika juu kabisa
nimeshakata kesi.

Tsipora Nagudi huketi dirishani.
Kwao ni Nabugoye; baba wa babu yake
aliisoma Torati akabaki humo humo.
Wiki jana mtu alichonga kwenye dawati lake
neno ambalo silirudii.
Swaleh Wandeba naye, langoni,
wavulana wa shule ya jirani humwita gaidi
kisha humwomba nusu ya chapati.
Karamu ya mwisho wa muhula, sahani zikija,
hawa wawili tu ndio huuliza nyama ni ya nini.

"Wayahudi wanaua watoto," sauti ya nyuma.
"Waislamu ndio walioanza," nyingine.
Tsipora hakugeuka. "Ndugu zangu
leo wanachuma kahawa. Nendeni mkawaulize."
Swaleh akafunga kalamu yake, akaifungua, akaifunga.

Na mimi je? Ijumaa Kuu, nikiwa mdogo,
katekista alitueleza nani alimsulubisha Bwana,
nami nikatoka nikaupiga mgomba mawe
nikiuita Myahudi.
Shangazi yangu alipoolewa na Mwislamu
tulimwekea matanga ya siku tatu, akiwa mzima.
Niliwaambia hayo. Hayamo kwenye silabasi.
Kisha nikapiga marufuku neno moja tu: "wote".

Khaukha akanyoosha mkono,
yule aliyehamishwa Bududa mlima ulipoporomoka.
"Sisi tulipewa nyumba kule Bunambutye.
Baba ana karatasi. Jirani ana makaburi.
Mwenye ardhi ni nani?"
Nikamwambia asilinganishe haraka.
Usiku ule sikulala, nikilitafuna swali lake.

Zulaika: "Kweli Waingereza walitaka kuwaleta huku?"
1903, ndiyo. Nyanda zenyewe leo ziko Kenya.
"Na waliokuwa wakichunga pale, waliulizwa?"
Hapana.
Tsipora ndipo akasema, taratibu,
"Mwalimu, sema pia yaliyowapata baadaye
waliokosa pa kwenda."
Nikasema. Mabehewa, tanuri, milioni sita.
Mvua ikashuka juu ya mabati
nikalazimika kupaza sauti,
na mambo kama hayo hayafai kupigiwa kelele.

Kazi ya nyumbani niliyowapa ilikuwa hii:
leta jambo moja la kweli
ambalo usingependa kulijua.
Ijumaa, Tsipora aliandika jina la kijiji
kisichokuwepo tena, na idadi ya visima vyake.
Swaleh aliandika: Hebroni, 1929, waliuawa na majirani.
Chini yake, kwa herufi ndogo:
majirani wengine waliwaficha.
Wengi hawakuleta kitu.
Aliyelichonga dawati, kama alikuwemo, alinyamaza.

Nambozo wa zamu akachukua dasta.
"Mwalimu, nianze kufuta upande upi?"
"Acha kwanza."
Jumatatu mwalimu wa hesabu alilalamika sana,
akatafuta kona iliyobaki, chini, kando ya ramani,
akafundishia humo milinganyo.